Mstari wa Tatu

Bwana Likwata, uliniambia nilete mradi unaoingiza.
Huu hauingizi.
Nimeipindua karatasi mbele na nyuma
kama mtu anayetafuta chenji kwenye suruali iliyokwisha kufuliwa:
kila namba ina kistari mbele yake.

Ni glavu tu.
Glavu za wabanguaji mia na kumi na wawili,
hapa hapa Chikongola, nyuma ya ukuta wa ofisi yako.

Ya kwanza nyembamba, elfu moja na mia nane;
siku ya sita mafuta ya ganda yameshaitoboa.
Ya pili nene, ya duka la Nalinga,
elfu tisa na mia sita,
nayo inafika siku arobaini, kama msiba.

Kwa bei ya dukani utasema nyembamba.
Wote husema nyembamba.
Lakini hazizeeki pamoja, bosi.
Gawa kila moja kwa siku zake:
mia tatu kwa siku,
mia mbili na arobaini kwa siku.
Hapo nene inakuwa rahisi,
ingawa leo, taslimu, inadai milioni na ushee,
na najua shilingi ya leo ni nzito kuliko ya mwezi ujao,
najua mnada umesogezwa na benki inapiga simu.
Hiyo nayo nimeipima.
Bado nene.

Ukasema: "Tangu lini mtu akachagua kati ya hasara mbili?"

Tangu Desemba, bwana, ulipomtoa mwali.
Mchele, mbuzi wawili, vitenge vya sare,
ngoma iliyokuja kwa pikapu kutoka Nanguruwe.
Hukuuliza pesa itarudi lini.
Uliuliza mbuzi wa Mikindani au wa Nanyamba,
na nani ana masufuria asiyekodisha kwa kukomoa.
Ulikuwa unafanya hesabu hii hii,
tena kichwani, bila kikokotoo.

Ndipo ukachukua kalamu yangu
ukaongeza mstari wa tatu:
*Tusinunue chochote.* Sifuri.

Ilikaa vizuri ile sifuri,
mviringo, safi, haina kistari.
Chini ya hasi zangu mbili ilionekana mshindi.

Mama yangu alibangua hapa miaka kumi na minne,
glavu yake ikiwa majivu na mafuta ya mbarika.
Jumatatu nilimpeleka kusajili laini.
Kijana akamwambia, weka dole gumba.
Akaweka. Mashine ikasema, jaribu tena.
Akalifuta kwenye kanga, akaweka la kushoto,
akaweka cha shahada,
akaanza kucheka,
cheko la mtu aliyefika kwake akakuta kufuli si lake.
Kijana akaugeuza mkono kwenye mwanga, akaupuliza,
akasema kwa adabu kabisa:
"Bibi, hapa hapasomeki."

Nimeifuta sifuri yako.

Nimejaribu kuandika kitu mahali pake.
Nilianza na dawa ya ngozi,
nauli ya kwenda Ligula na kurudi,
siku alizokaa nyumbani mikono ikiwa juu ya mto.
Hizo zina risiti.
Nikafika kwenye dole gumba, nikasimama.
Unaligawa kwa siku ngapi?
Kwa riba gani unalirudisha kwenye thamani ya leo?

Basi utaniwia radhi: kisanduku hakijakamilika.
Nimeweka kistari cha hasi,
na baada yake hakuna tarakimu.

Ankara kifani ya Nalinga iko nyuma ya karatasi hii, kwa pini.
Anasema tukichukua zote kwa mkupuo atashusha kidogo,
ila anataka jibu kabla ya Ijumaa,
na saini yako, siyo yangu.